Picha ya Marehemu Irudi Kwao

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Novemba, mashua hupishana katika ziwa la Pátzcuaro, jimbo la Michoacán, nchini Meksiko. Zaelekea Janitzio, kisiwa cha Wapurépecha. Abiria wake ni wa namna mbili. Wapo waliopakata mishumaa, mikate na mafungu ya cempasúchil, ua la manjano ambalo rangi na harufu yake huaminiwa kumwonyesha marehemu njia ya kurudi nyumbani. Na wapo waliopakata kamera. Wa kwanza wanakwenda kukesha na wafu wao. Wa pili wanakwenda kuwinda.

Makaburini wanawake huketi chini, wamejitanda shali, kimya. Chetezo hufukiza kopali, utomvu ambao jina lake ndilo wafanyabiashara wa Ulaya waliloipa sandarusi ya Unguja. Mara mweko mweupe unampiga mjane usoni. Hakuna aliyebisha hodi, hakuna aliyetoa pole. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga. Mgeni huyu amepona nini kwake mwenyeji?

Watetezi wa uwindaji huu wana hoja tatu. Ya kwanza: mila hii ni urithi wa wanadamu wote, na UNESCO iliiorodhesha hivyo mwaka 2008. Ni kweli. Lakini kilichoorodheshwa ni mila, si uso wa mjane. Urithi wa wote haumfanyi aliyefiwa kuwa mali ya wote.

Ya pili: Wameksiko huichekea mauti, hawaoni haya kutazamwa. Anayesema hivi ameyajua mafuvu ya sukari, hajamjua mama aliyezika. Mwaka 2015 filamu ya James Bond, *Spectre*, ilifunguliwa kwa maandamano makubwa ya Siku ya Wafu jijini Mexico City. Maandamano ya namna ile hayakuwapo. Jiji likayaanzisha mwaka uliofuata. Basi mwenye kiu ya picha na aende huko, kwa waliojipamba ili waonekane. Kaburi la Janitzio halikupambwa kwa ajili yake.

Ya tatu ndiyo nzito: picha huhifadhi kumbukumbu. Nani atabisha? Mila yenyewe inaijua picha. Juu ya meza ya sadaka, kati ya maji, chumvi na chakula alichokipenda marehemu, huwekwa picha yake. Mwanzoni mwa karne ya 20, Juan de Dios Machain wa mji wa Ameca aliwapiga picha watoto waliokufa, wamevishwa kama watakatifu. Lakini Machain aliitwa na wazazi, na picha ilirudi kwao; mara nyingine ndiyo sura pekee ya mtoto iliyobaki duniani. Kuitwa na kuvizia si kitu kimoja.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Graciela Iturbide, bingwa wa upigaji picha wa Meksiko, alifiwa na binti yake wa miaka 6 mwaka 1970. Baadaye akawa anawafuata watoto waliokufa kwa kamera yake, kana kwamba miongoni mwao atamwona wake. Siku moja, katika makaburi ya Dolores Hidalgo, alikuta njiani maiti iliyoliwa na ndege. Akaona kuwa mauti yenyewe inamwambia: basi. Akaacha. Ikiwa mwenyeji, mpigaji hodari na mama aliyefiwa, alitambua mpaka, mtalii wa siku mbili ana udhuru gani?

Haisemwi kwamba kamera ipigwe marufuku. Yasemwa kwamba mwenye kamera aketi kwanza, asalimu, amuulize marehemu ni nani, aombe ruhusa, na akinyimwa ashukuru. Na akipewa, arudishe picha.

Kwani huenda bibi aliyepigwa picha mwaka huu, mwakani akawa ndiye anayekeshewa. Wanawe watatandika meza, watawasha mshumaa, watatafuta sura yake. Sura hiyo itakuwa imetundikwa ukutani ng'ambo, nzuri, yenye fremu na bei, chini yake jina la mpiga picha. La bibi halimo.