Neno "Kukauka" na Masaibu ya Wenye Vidonda Sugu

Kwa muda wa mwezi mzima shangazi yangu, ambaye ana ugonjwa wa kisukari, alikuwa akikianika juani kidonda cha mguuni mwake kila asubuhi. Hakuwa mkaidi, alikuwa akitii agizo. Katika zahanati alikotibiwa aliambiwa, "Hakikisha kinakauka, mama." Jioni alikifunika kwa shashi kavu, na asubuhi shashi hiyo ilikuwa imegandamana na nyama. Ilipobanduliwa, ilibanduka pamoja na ngozi changa iliyokuwa imeanza kuota.

Mimi si daktari. Kazi yangu ni kufundisha isimu, na kwa hivyo kilichonishughulisha kwanza ni lile neno "kukauka". Katika mazungumzo yetu ya kila siku, kidonda kilichokauka ndicho kidonda kilichopona. Sayansi iliiacha imani hiyo zamani. Mnamo mwaka 1962, mtafiti George Winter wa Uingereza alichapisha katika jarida la Nature matokeo ya uchunguzi aliowafanyia nguruwe. Majeraha yaliyofunikwa kwa utando wa plastiki, yakabaki na unyevu, yaliota ngozi mpya kwa kasi iliyokaribia mara mbili ya yale yaliyoachwa wazi yakafanya kigaga. Chembe za ngozi hutambaa kwa urahisi juu ya unyevu. Penye kigaga hulazimika kupenya chini yake.

Hata hivyo, Winter alichunguza majeraha mapya, na hapa Kiswahili chetu kina hazina ambayo hatuitumii. Tuna jeraha, tuna kidonda, na tuna donda ndugu. Mwenye jeraha amekatwa na panga leo. Mwenye donda ndugu anaugua kwa miezi, pengine miaka. Majimaji ya jeraha jipya husaidia uponyaji. Yale ya kidonda sugu aghalabu huwa na vimeng'enya vingi mno, navyo huila ile nyama mpya inayojaribu kujijenga. Tena yakizidi, huilowesha ngozi ya kando ikawa nyeupe na teketeke, mithili ya vidole vya mfuaji nguo, na kidonda kikapanuka.

Basi kifunikio kinachofaa hutakiwa kufanya mambo mawili yanayoelekea kupingana: kufyonza majimaji yaliyozidi, na kubakiza unyevu. Pamba iliyofunikwa kwa shashi, ambayo daktari Joseph Sampson Gamgee wa Birmingham aliibuni mnamo 1880, hufyonza vizuri lakini haijui kiasi. Sponji laini za poliurethani hufyonza na kuuachia mvuke utoke kwa nyuma. Zipo pia nyuzi za aljineti, zinazotokana na mwani wa rangi ya kahawia. Zikikutana na majimaji ya kidonda hugeuka kuwa utelezi mzito usiong'ang'ania nyama. (Wasomaji wa Kwale wasije wakafurahi mapema: mwani unaolimwa Kibuyuni ni wa jamii nyekundu, na hautoi aljineti.) Kidonda kilicho kikavu tayari hakifai kuwekewa aljineti. Chenyewe huhitaji kuongezewa unyevu.

Je, nasema kila mgonjwa anunue vifaa hivyo vya bei ghali? La. Mwongozo wa kimataifa wa tiba ya mguu wa kisukari wa mwaka 2019 ulishauri kifunikio kichaguliwe hasa kwa kuzingatia wingi wa majimaji, nafuu ya mgonjwa na gharama. Wala hakuna kifunikio kitakachouponya mguu unaoendelea kukanyagiwa, au usiofikiwa na damu ya kutosha. Shashi iliyoloweshwa kidogo kwa maji safi ya chumvi ya hospitali, ikabadilishwa kabla ya kukauka, ni bora kuliko ile iliyomtesa shangazi.

Lakini maneno hayana bei, nayo ndiyo tunayoyafanyia ubahili. Muuguzi husoma kwa Kiingereza, kisha humweleza mgonjwa kwa Kiswahili cha haraka haraka ambacho hakuna aliyemfunza. Kila kinachotoka kidondani huitwa "usaha". Usaha halisi ni dalili ya maambukizi na wahitaji hatua ya haraka. Majimaji mepesi maangavu yasiyo na harufu si usaha. Mgonjwa asiyetofautishiwa mawili hayo ama hutishika bure, ama huzoea hatari.

Neno la kuchukua nafasi ya "kukauka" tunalo. Rutuba, ambalo leo twaliambatanisha na udongo wa shamba, asili yake katika Kiarabu ni unyevu. Mwambie mkulima wa Taveta kwamba kidonda chataka rutuba, si mafuriko wala ukame, naye atakuelewa kabla hujamaliza. Walimu wa Kiswahili na wale wa sayansi wangeweza kulifanyia zoezi la darasani: wanafunzi waandike agizo moja la mgonjwa, kisha walisomee nyanyake mmoja wao na kumwuliza ameelewa nini.

Shangazi alipelekwa hospitali nyingine, ambako muuguzi alimwonyesha kwa kidole rangi ya kuangalia na kiasi cha majimaji cha kutarajia. Kidonda bado kipo. Kimepungua, na shashi haibanduki tena na nyama.