Semina za nishati safi zifike kwenye bajeti ya halmashauri

TOSAMAGANGA, nje kidogo ya mji wa Iringa, umeme si kitu kigeni. Mitambo midogo ya maji ya mto Ruaha Mdogo, yenye uwezo wa kilowati 1,220, ilijengwa hapo mwaka 1951. Baadaye ilisimama, sawa na ile ya Mbalizi, Mbeya, na gridi ya taifa ikachukua nafasi yake.

Jikoni, hata hivyo, kuni hazijapata mrithi wa namna hiyo.

Mwaka 2023 Serikali iliagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo Januari 31, 2024, na zile za watu zaidi ya 300 zifuate Januari 31, 2025. Mei 2024 ukazinduliwa mkakati wa taifa unaotaka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034.

Agizo ni moja, fedha ni jambo lingine. Kuni hununuliwa mzigo kwa mzigo, na kwa shule nyingi za kutwa chakula chenyewe hutegemea michango ya wazazi. Gesi inadai majiko mapya, mitungi mikubwa na mabomba, vyote kwa mkupuo, kabla wali wa kwanza haujaiva. Mkuu wa shule asiye na fungu hilo atafanya nini zaidi ya kuficha magogo nyuma ya jiko?

Hapo ndipo vikundi vya wanafunzi na wanakijiji vingeweza kusaidia, kama vingefundishwa kudai. Mafunzo mengi huishia kwenye madhara ya moshi, upandaji miti na fulana. Mshiriki anarudi nyumbani akijua ukataji wa misitu ni mbaya (jambo ambalo bibi yake alilijua tangu zamani) lakini hajui ni kikao gani kinachogawa fedha.

Njia ipo. Mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Hoja ikipita hapo huenda kamati ya maendeleo ya kata, kisha baraza la madiwani. Bajeti ya halmashauri hupitishwa kabla Bunge halijaanza kikao chake cha bajeti mwezi Aprili. Kikundi kinachopeleka risala yake Mei kitapigiwa makofi tu, kwa sababu kitabu kimeshafungwa.

Kuna ugumu mwingine. Mwanafunzi wa bweni hukaa kidato cha tano na sita, kisha anaondoka. Aliye chini ya miaka 18 hana kura katika mkutano wa kijiji. Mzazi anayo kura, ila mara nyingi hana takwimu. Klabu ya shule peke yake itakufa kila mwaka; ikiungana na kikundi cha akina mama au kamati ya kijiji, mmoja analeta hesabu na mwingine sauti.

Wilayani Ludewa, wanakijiji wa Lupande, Madunda na Mawengi wanamiliki umeme wao wa maji kupitia chama chao, LUMAMA. Hawakufika hapo kwa maandamano ya mabango, bali kwa vikao.

Kwa shule inayotaka jiko jipya, kazi ya kwanza ni kuhesabu mizigo ya kuni na bei yake katika muhula wa pili, kuanzia Julai. Desemba wataalamu wa halmashauri wakikaa na makadirio yao, karatasi hiyo iwe tayari mezani.