Shule ni ya nani?

Siku hizi liko swali moja ambalo watu hawaliulizi kwa kinywa, bali hulijibu kwa matendo yao kila siku. Swali lenyewe ni hili: Shule ni ya nani?

Katika parokia kadha wa kadha za nchi yetu ya Tanzania mtakuta shule mbili za msingi, nazo si mbali moja na mwenzake. Ya kwanza ni ile ya zamani, iliyojengwa siku za misioni, na sasa ni ya Serikali. Ya pili ni mpya. Ni ya parokia au ya Masista, masomo yake hufundishwa kwa Kiingereza, na mtoto huingia kwa ada. Sisi tuandikao tu walimu wa shule hizo mbili, wengine huku na wengine huko. Mzazi wa shule ya kwanza tukimwita hutujibu, "Elimu ni bure, waulizeni Serikali." Mzazi wa shule ya pili tukimwita hutujibu, "Nimekwisha kulipa. Kazi iliyobaki ni yenu." Watu hawa wawili hudhani kwamba wametofautiana sana, kwa kuwa mmoja ni maskini na mwenziwe ana nafasi. Sisi twasema ugonjwa wao ni mmoja. Wote wawili wamemtua mtoto mlangoni pa shule, wakaenda zao.

Wazee wetu hawakuijua lugha hiyo. Misioni ya Kikatoliki ilianza Bagamoyo mwaka 1868, na huku kwetu kusini Mapadre Wabenedikto walifika Peramiho mwaka 1898. Penye misioni palikuwa na shule, na mbali na misioni zilikuwako shule ndogo za vijijini, ambazo makatekista walizishika. Hizo shule ndogo zilijengwa kwa miti, udongo na nyasi. Je, miti hiyo ilikatwa na nani? Udongo ulikandwa na nani? Hakuna meli iliyoleta nyasi kutoka Ulaya. Baba zetu walikata, mama zetu walibeba, na watoto waliteka maji ya kukandia.

Tena kuna neno la kuangaliwa hapa. Nyasi huoza. Kila baada ya miaka michache paa lilivuja, na wanaume wa kijiji walilazimika kurudi shuleni na kamba zao na visu vyao. Waliporudi waliwaona watoto wao wamekaa chini wakisoma, walimwona mwalimu, waliuliza, "Huyu wangu anaendeleaje?" Baadaye yalikuja matofali ya kuchoma, yakaja mabati, nasi tukafurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Lakini bati halimwiti mtu kurudi. Tangu paa lilipoacha kutuita, hatukujiita wenyewe.

Hatusemi haya ili kuzisifu siku za kale kupita kadiri yake. Siku zile fimbo ilikuwa nyepesi mno mkononi mwa mwalimu. Tena katika shule nyingi za madhehebu mtoto Mkristo alikuwa na njia pana, na mtoto Mwislamu alisimama nje au aliingia kwa hofu. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilipoziweka shule hizo mikononi mwa Serikali, na kazi hiyo ikatimizwa tangu mwaka 1970, watu wengi wa Kanisa walinung'unika. Walakini aliyeiongoza nchi siku hizo, Mwalimu Julius Nyerere, alikuwa Mkatoliki, naye alikuwa amefundisha katika shule za Kanisa huko Tabora na Pugu. Alizijua kwa ndani. Mtoto wa nchi asiulizwe dini kabla hajafundishwa kusoma. Neno hilo ni la haki, na Mkristo mwenye akili hawezi kulipinga. Basi sisi hatulilii jina lililofutwa ukutani. Twalilia jambo jingine: kwamba siku ile jina lilipobadilika, na sisi wanakijiji tulijihesabu kuwa tumefutwa, hali hakuna sheria iliyotufuta.

Tazameni sasa yaliyotukia katika miaka yetu hii. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada na michango ya lazima, ukaanza kazi Januari 2016. Lilikuwa jambo jema sana. Watoto waliokuwa wakichunga mbuzi walikuja shuleni, na madarasa yakajaa hata wengine wakakaa sakafuni. Lakini watu wengi walilisikia neno "bure" wakafunga masikio wasisikie yaliyofuata. Serikali yenyewe ilieleza kwamba mzazi bado ana wajibu wake: sare, madaftari, na chakula cha mchana cha mtoto wa kutwa. Katika mpango huo ruzuku ya mtoto wa shule ya msingi ilihesabiwa shilingi 10,000 kwa mwaka, na katika hizo shilingi 6,000 ndizo zilizopelekwa shuleni, zilizobaki zikiwekwa kwa ajili ya vitabu. Enyi wazazi, zigawanyeni shilingi 6,000 kwa miezi 12: ni shilingi 500 kwa mwezi. Kwa shilingi 500, nani kati yenu awezaye kumtunza hata kuku kwa mwezi mzima?

Kwa hiyo twaona mambo ya aibu. Mbuzi akipotea jioni, kijiji kizima hutoka na mienge kumtafuta. Mtoto akipotea darasani wiki mbili, hakuna aulizaye. Tukiita mkutano wa wazazi, wanaokuja ni mabibi, ambao wameachiwa wajukuu huku baba na mama wako mjini wakitafuta riziki. Mabibi hao twawapa heshima, maana wamechoka na bado wanakuja. Lakini baba yule kijana, mwenye pikipiki, apitaye mbele ya shule mara kumi kwa siku akibeba abiria, yeye hageuzi hata shingo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Lakini huu si mzigo wa mwenzio, ndugu, ni mwanao.

Sasa tugeukie shule ya pili, maana wengine wamekwisha kuanza kucheka wakidhani hawamo katika maneno haya. Shule ya parokia haipati ruzuku ya Serikali. Mishahara, chaki na dawa hutoka katika ada. Hilo twalijua, wala hatusemi ada ifutwe kesho. Lakini ada ni bei ya nini? Ni bei ya somo, wala si bei ya malezi. Yako mabasi ya njano yanayokusanya watoto kabla jua halijachomoza na kuwarudisha jioni wamesinzia. Wako wazazi ambao jina la mwalimu wa mtoto wao hawalijui, ila namba ya akaunti ya shule waijua kwa moyo. Tena wako waliompeleka bwenini mtoto wa miaka sita, ambaye bado alia usiku akimwita mama yake, wakasema wanampatia msingi mzuri. Ilipasa Serikali iingilie kati. Mwaka 2023 ilikataza huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali. Je, si aibu kwetu Wakristo kwamba ilihitajika sheria kutuambia kuwa mtoto wa miaka sita hulala kwa mama yake?

Kanisa halikutufundisha hivyo. Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya elimu ya Kikristo, lililotolewa mwaka 1965, lasema kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yawataka wazazi na walimu washirikiane kwa karibu. Na tamko lile la mwaka 1965 lawataka wachungaji na waamini wazisaidie shule za Kikatoliki ziwahudumie hasa walio maskini wa mali ya dunia, na wale wasio na msaada wa jamaa.

Hapa twapenda kusema neno zito kidogo kwa watu wa nyumba yetu wenyewe. Mjukuu wa yule aliyebeba matofali ya shule ya kwanza, leo husimama nje ya ua wa shule ya pili akitazama wenziwe wakicheza, kwa sababu babaye hana ada. Jumapili watoto hao wawili hukaa benchi moja kanisani na kuimba wimbo mmoja. Jumatatu hawajuani. Zamani tulimtenga mtoto kwa dini yake, tukakemewa kwa haki. Tusije tukamtenga leo kwa mfuko wa babaye, kisha tukaita kitu hicho shule ya Kikatoliki.

Tunajua tutajibiwa. Wengine watasema, "Sisi twalipa kodi, kwa nini tutoe tena?" Twawajibu: kodi hununua dawati, lakini dawati halimuulizi mtoto jana alilala wapi wala alikula nini. Wengine watasema, "Michango ya zamani ililiwa." Hapo hawasemi uongo, pako mahali ililiwa kweli. Lakini je, ukiibiwa mahindi shambani, dawa yake ni kuacha kulima? Dawa ni kulinda. Kila shule ina Kamati yake, na wazazi wamo ndani yake. Chagueni watu waaminifu, na hesabu isomwe mbele ya mkutano, shilingi kwa shilingi, debe kwa debe. Mali bila daftari huisha bila habari. Wengine tena watasema, "Nyakati zimebadilika." Naam, zimebadilika. Baba zetu walikuwa na nyasi na kamba. Ninyi mna simu mkononi, na mwaweza kumwuliza mwalimu habari za mtoto hali mko Songea au Dar es Salaam. Nyakati zimewarahisishia kazi, wala hazikuwaondolea.

Basi, ili maneno haya yasiwe moshi mtupu, twataja kazi tatu ambazo kijiji chochote chaweza kuzianza bila kungoja amri ya mtu.

Kazi ya kwanza ni chakula. Mtoto akinywa uji wa unga gramu 100 kila siku ya masomo, nazo siku hizo ni kama 190 kwa mwaka, jumla yake ni kilo 19. Hilo ni kama debe moja la mahindi. Debe moja kwa mtoto mmoja kwa mwaka mzima! Huku kwetu Ruvuma, nchi ya mahindi, nani atasema hana debe wakati wa mavuno? Na ikiwa yuko asiyekuwa nalo kweli, jirani zake wamjua, nao watamtolea. Mtoto mwenye njaa hahesabu herufi za ubaoni. Huhesabu saa za kurudi nyumbani.

Kazi ya pili ni ya Jumuiya zetu ndogondogo za Kikristo, ambazo Maaskofu wa Afrika Mashariki waliziazimia mwaka 1976 ziwe msingi wa maisha ya parokia. Kila Jumuiya imchukue mtoto mmoja maskini, imlipie ada katika shule ya parokia, hata kama ni kwa gunia la mavuno, nayo parokia ikubali gunia hilo lihesabiwe kuwa ada. Na asiulizwe kama ni mtoto wa Mkatoliki. Aulizwe tu kama ana shida.

Kazi ya tatu ni ya mikono. Mara moja kila muhula, wazazi wa shule zote mbili wakutane katika shule ile ya zamani. Watu wa ada waje pamoja na watu wa bure. Wazibe ufa wa ukuta, wapigilie bati lililofunuka, wachimbe choo cha wasichana. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wazee walisema hivyo, na kuta zetu zashuhudia. Baada ya kazi waingie darasani, wakae juu ya madawati ya watoto wao, wasikie kutoka kwa mwalimu habari za kila mtoto. Siku hiyo itafanya ile kazi ambayo paa la nyasi liliifanya zamani.

Nasi walimu tusijifiche nyuma ya maneno haya. Mzazi akija asikutane na uso wa kumfukuza, wala asingojeshwe juani kama mdaiwa. Mwalimu amwitaye mzazi siku ya mashitaka tu, asishangae mzazi akimkimbia. Tumwite pia siku mtoto alipofanya vizuri.

Tuliuliza, Shule ni ya nani? Hati ya kiwanja yaweza kuandikwa jina la Serikali, au jina la Jimbo, au jina la Shirika la Masista. Hati iwekwe kabatini, mahali pake. Lakini mtoto akikua mwema au akiharibika, hatakwenda kukaa katika kabati hilo. Atakaa kijijini kwetu, atakuwa mwenyekiti wetu au mwizi wetu, mkwe wetu au mzigo wetu. Mvuna mazao ndiye mwenye shamba. Muhula ukifunguliwa, enyi wazazi, njoni tulilime pamoja.