Ukurasa wa Familia: Fomu za Kazi na Maswali Yake

Mwezi uliopita tuliongea juu ya kuni na majiko, na barua zenu tumezipata, asanteni. Mwezi huu twende pale kwenye ubao wa matangazo, ambapo tangazo la kazi likibandikwa watu wanasongamana kama kwenye bomba la maji.

Jambo hili tumelianza kwa sababu ya mama mmoja jirani yetu, mzaliwa wa Fizi. Kule nyumbani alifanya kazi miaka tisa kwenye nyumba ya kuzalishia. Tangazo likatoka, wanatafuta mhudumu wa kliniki ya akina mama wajawazito. Tukafurahi, tukasema hii ni yake. Alichukua fomu, akaijaza usiku kwa taa ya sola, akaipeleka. Haikupita hata meza ya kwanza.

Tukamwuliza, mama, ulijibu nini? Kumbe swali la kwanza lilikuwa hivi: "Je, una cheti cha kidato cha nne? Ndiyo / Hapana." Yeye akaweka alama kwenye Hapana. "Mimi sikusoma hiyo kidato," akatuambia. "Mimi nimesoma mpaka D6."

Hebu tuhesabu pamoja. Yeye huko Kongo alisoma miaka 6 ya shule ya msingi na miaka 6 ya sekondari, ndipo akafanya Mtihani wa Taifa akapata diplome d'État. Jumla miaka 12. Mtanzania aliyesoma darasa la kwanza mpaka la saba, kisha kidato cha kwanza mpaka cha nne, amesoma miaka 11. Kwa hiyo aliyekataliwa ana mwaka mmoja zaidi darasani kuliko fomu ilivyotaka! Amekosa kazi kwa sababu alisema ukweli, na kwa sababu swali halikuacha nafasi ya kuandika neno lingine. Ndugu zetu Warundi nao wanaijua shida hii vizuri.

Fomu nyingine inauliza, "Ulipata daraja la ngapi?" Mkongomani hana daraja, ana asilimia. Kijana mmoja aliandika 58. Tunajiuliza huyo aliyekuwa anachambua fomu alielewa nini.

Sasa tuje kwenye swali linalotuuma zaidi. Shirika moja lilitafuta mkalimani wa Kibembe. Kwenye fomu wakaandika, "Taja kabila lako." Ati kabila! Nyarugusu imekuwa makao yetu tangu 1996. Kuna vijana Wabembe waliozaliwa hapa, sasa wana watoto wao, na Kibembe wanakisikia tu bibi akiongea. Wao ni Kiswahili mwanzo mpaka mwisho. Halafu kuna Mfuliiru aliyekulia Baraka, anaongea Kibembe mpaka wazee wanamcheka kwa furaha. Ukiuliza kabila, unamchukua yule asiyejua unamwacha anayejua. Lakini ukiuliza, "Unaongea lugha gani?" kisha ukamwita mzee mmoja akae naye dakika tano waongee, umemaliza kazi.

Na kuna jambo jingine ambalo mwandishi wa fomu labda hakulifikiria. Wengine kati yetu tuliulizwa swali hilohilo barabarani, kwenye kizuizi, na waliokuwa mbele yetu kwenye mstari walijibu wakatolewa pembeni, hawakurudi. Mtu kama huyo ukimpa karatasi yenye swali la kabila, mkono unatetemeka. Wapo walioirudisha fomu tupu. Ofisini watasema, "Hawa hawataki kazi."

Akina mama nao wana yao. "Umeolewa? Una watoto wangapi? Una mpango wa kuzaa karibuni?" Hatujawahi kuona baba akiulizwa kama ana mpango wa kuzaa. Kama kazi inataka mtu wa zamu ya usiku, si waulize tu, "Unaweza kufanya zamu ya usiku?" Mama mwenye watoto sita na mama mkwe nyumbani anaweza, kijana asiye na mtoto hata mmoja pengine hawezi.

Yale maswali ya "Je, wewe ni mwaminifu?" hatutayapigia kelele. Hayaumizi mtu, ila hayasaidii kitu. Mwizi ataandika Ndiyo kwa herufi kubwa. Mtu wa stoo mpe daftari na magunia kumi ya unga ayahesabu, utamjua.

Tuseme haki pia. Wanaopanga fomu hizo wanapata lundo la karatasi kwa nafasi moja, na lazima wachuje. Wengi wamenakili fomu ya ofisi kubwa ya mjini, haikutengenezwa kwa ajili ya kambi. Hatusemi wana roho mbaya. Tunasema chujio lao lina tundu mahali pabaya, unga unamwagika na pumba zinabaki.

Mjue pia kwamba sheria ya Tanzania inayoitwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya kabila, utaifa, dini, jinsia, ujauzito, ndoa, ulemavu, umri na mengine. Na mwombaji wa kazi naye amehesabiwa humo, siyo aliyekwisha kuajiriwa tu. Kinachoruhusiwa ni sharti ambalo kazi yenyewe inalidai, kama lugha kwa mkalimani. Kazi zetu ni za posho, tunajua, na mtu atasema sheria hiyo ni ya ajira kamili. Sawa. Lakini aliyeandika fomu anaweza kujipima nayo bila kulazimishwa.

Sasa wewe uliye na fomu mkononi leo. Usidanganye, maana cheti wataomba kukiona. Lakini usiweke Hapana ukanyamaza. Andika pembeni, hata kama hakuna mstari: "Nina diplome d'État ya Kongo, miaka 12 ya masomo." Bandika nakala. Asilimia yako iandike hivyo hivyo, "asilimia 58, mfumo wa Kongo." Baraza la Mitihani la Tanzania hulinganisha vyeti vya sekondari vya nje, mwenye nafasi ya kulifuatilia alifuatilie. Swali la kabila, jibu kwa lugha: "Naongea Kibembe, Kiswahili na Kifaransa." Sisi tumeona fomu iliyojibiwa hivyo ikipita.

Yule mama jirani yetu tumemsaidia kuandika barua kwa ofisi ile, kwa heshima, ukurasa mmoja, na hesabu ya miaka 11 na 12 ndani yake. Tunaandika haya bado hajajibiwa. Kliniki yenyewe, tunavyosikia, bado inatafuta mtu.

Kama una fomu yenye swali la ajabu, ninakili swali hilo tu, bila jina lako wala la ofisi, ulitie kwenye kisanduku chetu cha barua. Mwezi ujao tutaongea juu ya watoto na masomo ya jioni.