Ufa, Ukuta na Moshi wa Shule Zetu

"Usipoziba ufa utajenga ukuta." Methali hii tumeifunza madarasani kwa miaka mingi kama onyo kuhusu tabia, hata tukasahau kwamba ufa ni ufa na ukuta ni ukuta. Leo maana hiyo ya wazi imerejea. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP), lenye makao yake Gigiri, Nairobi, lilikadiria kwamba mwaka 2021 majengo na ujenzi vilichangia takribani asilimia 37 ya hewa ya kaboni itokanayo na kawi na viwanda duniani.

Chanzo kimoja ni saruji. Mawe ya chokaa huchomwa tanurini kwa joto la takribani nyuzi 1,450, na mawe yenyewe hutoa kaboni, mbali na ile ya makaa yanayoyachoma. Kila ukuta ubomolewao pasipo haja hutugharimu mara ya pili. Hata hivyo, bodi nyingi za shule huona fahari katika jengo jipya, wala si katika paa lililozibwa. Jengo jipya huwekewa jiwe la msingi. Ukarabati hauna utepe wa kukatwa.

Yamkini msomaji atasema kwamba tatizo hili ni la Ulaya, ambako nyumba hupashwa joto kwa gesi na mafuta. Hajakosea sana. Takribani asilimia 90 ya umeme wetu hutokana na mvuke wa ardhini kama ule wa Olkaria, maji, upepo na jua. Lakini umeme huo haujaingia jikoni. Shule nyingi za bweni zingali zinapika githeri kwa kuni. Miti hukatwa bila kupandwa mingine, na mpishi huvuta moshi tangu alfajiri.

Mwaka 2014, Chuo Kikuu cha Strathmore kiliweka mitambo ya jua ya kilowati 600 juu ya mapaa yake. Shule ya kijijini haina uwezo huo. Hata hivyo, inaweza kujenga meko yasiyokula kuni nyingi, kuongeza bomba la kutolea moshi, kupanua madirisha ili taa zisiwashwe mchana, na kuziba nyufa mapema.

Basi kabla ya bodi kuidhinisha jengo jingine, na iulize maswali mawili: ufa uko wapi, na moshi unatoka wapi?