Mgeni wa Shamba Msimu wa Karafuu



Msimu wa karafuu unapofika, nyumba nyingi za mashamba huku Gando hupokea jamaa kutoka Unguja, Dar es Salaam na hata Mombasa, waliokuja kupumzika na kuwaonyesha watoto mkarafuu. Ni jambo jema, nalo huunga udugu. Lakini mwenyeji wao hayumo mapumzikoni. Tangu kimbunga cha 1872 kiangushe mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyobeba zao hili, na karafuu haimngoji mtu: ikishafunua ua, thamani yake imepungua. Mchana wachumaji wako mitini, usiku watu wa nyumbani hutenga karafuu na makonyo, na jua likichomoza zinaanikwa majamvini. Wingu likitanda, hata aliyeko jikoni huacha chungu akakimbilia kuanua. Na wakati huo huo mgeni anasubiri chai yake ya saa nne, naye mama wa nyumba anaona haya kusema.

Katika Hadithi ya Abu Shurayh, waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) alieleza kuwa ukarimu ni siku tatu, na kinachozidi hapo ni sadaka. Watu huipenda sehemu hii wakaisahau nyingine: si halali kwa mgeni kukaa mpaka amtie mwenyeji wake katika dhambi. Masahaba walipouliza namna gani, walijibiwa kuwa ni kukaa kwa mtu asiye na cha kumkirimia. Wanazuoni wakafafanua kuwa mwenyeji aliyechoka huweza kumsengenya mgeni au kumdhania vibaya.

Basi anayetaka kukaa wiki mbili na wapatane mapema: chumba, chakula na malipo yake. Hiyo ni ijara, mkataba wa halali. Baadhi ya wazee wetu huona aibu kupokea fedha ya jamaa. Mimi aibu siioni, maadamu siku tatu za mwanzo zimebaki kuwa za ukarimu. Asiye na fedha akae jamvini achambue.

Liko na la watoto. Imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi kuwa mwenye haja akila tunda la shambani pasi na kubeba nguoni, hana lawama. Hata hivyo wafundishwe kuomba ruhusa. Karafuu iliyoanguka haimo katika hilo: si chakula cha mwenye njaa, ni mali, na mara nyingi ndiyo riziki ya kina mama wanaoiokota kwa idhini ya mwenye shamba.