Tomati Chini ya Paa



Tangu mkutano uliopita neno moja linazunguka katika chama: sere. Wengine kati yetu wanapendekeza kwamba feza ya likelemba isigawanywe mwezi huu, bali inunue sere moja kubwa ya vyuma, ile inayouzwa tayari pamoja na plastiki yake, isimamishwe kwenye parseli moja na tulime mboga humo mwaka mzima. Nia ni nzuri. Sisi wa ukurasa huu tunaona kwamba feza hiyo iwafikie wenyewe, na kila mama ajijengee nyumbani paa dogo la plastiki.

Sere ilitengenezwa kwa nchi za baridi. Kule Ulaya mtu anafunga mimea ndani ya kioo au plastiki ili joto la jua lisitoke. Hapa Lubumbashi shida yetu si hiyo. Ni kweli, tuko karibu metre 1.200 juu ya bahari, na usiku wa Juni na Julai joto linaweza kushuka chini ya digri 10, lakini mchana jua linatosha. Ukifunga plastiki pande zote katika mwezi wa Oktoba, ndani kutakuwa moto kama chungu. Joto likipita digri 35, maua ya tomati yanaanguka bila kuzaa. Utapata majani mazuri na kikapo kitupu.

Kinachotunyima tomati ni mvua. Kila mama anayekwenda sokoni anajua: kuanzia Juni hadi Septemba tomati zinajaa na mafungu ni makubwa, lakini kuanzia Desemba hadi Machi fungu ni tomati tatu, na nyingine zimevuka mpaka wa Kasumbalesa kabla ya kutufikia. Sababu kubwa ni ugonjwa wa mildiu. Huo unataka jani lililolowa kwa masaa mengi na ubaridi kidogo, na mvua ya Januari inautolea vyote viwili. Leo unaona doa la kahawia kwenye jani, na juma halijaisha shamba lote limekuwa kama limepitiwa na moto. Anayelima nje anapiga dawa, mvua inaiosha, anapiga tena, na tomati hizo ndizo tunazopelekea watoto. Paa linafanya kazi moja tu: linazuia jani lisilowe. Jani kavu, mildiu hailishiki kwa urahisi.

Kwa hiyo lengalenga, matembele, ngai-ngai na sombe hazina haja ya paa. Zinapenda mvua, ziacheni nje. Chini ya plastiki wekeni tomati, pilipili, na miche midogo ya kitunguu na shu ambayo mvua kubwa inaivunja.

Sasa vipimo. Kitanda cha udongo kiwe na urefu wa metre 5 na upana wa metre 1 na santimetre 20. Mistari miwili, mche na mche santimetre 50, inakupa miche 20. Paa lizidi kitanda kila upande: metre 6 kwa 2. Nguzo ziwe za miti au mianzi, metre 2 na santimetre 30 upande mmoja na metre 1 na santimetre 80 upande mwingine, ili maji yateremke. Pande zote nne zibaki wazi. Mwezi wa Juni, baridi ikija, funika pande kwa magunia jioni na kuyaondoa asubuhi. Hapo ndipo paa linakusaidia hata kiangazi.

Plastiki ndiyo yenye kula feza, na hapo tusijidanganye. Plastiki nyembamba ya kawaida inapasuliwa na jua kabla mwaka haujaisha. Ulizeni ile ya kilimo iliyotiwa dawa ya kukinza jua, yenye unene wa mikroni 200. Hiyo inaweza kufika miaka mitatu au zaidi. Bashi ya buluu haifai, inaleta giza na tomati inataka mwanga. Msipige misumari moja kwa moja juu ya plastiki, upepo wa kwanza utaichana. Kateni vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, msumari upite juu ya mpira. Chimbeni pia mfereji kuzunguka kitanda, maana maji ya uwanja yakiingia, paa halina faida tena.

Juu ya maji, tufanye hesabu ya darasa la tano. Mvua ya milimetre 1 juu ya metre moja ya mraba ni litre 1. Paa letu lina metre za mraba 12. Mvua ya milimetre 10, ambayo hapa ni mvua ya kawaida tu, inatoa litre 120, ni kusema bidoni sita za litre 20. Miche 20 inayozaa inakunywa kama bidoni mbili kwa siku. Basi mvua moja, ukiwa na mfereji wa bati na pipa, inamwagilia bustani siku tatu. Mwagilieni kwenye shina asubuhi, kamwe si juu ya majani, kwani hapo mtakuwa mmejinyeshea mvua nyinyi wenyewe.

Neno linalotusumbua zaidi ni udongo. Mji wetu ni mji wa shaba. Mtambo wa kuyeyusha shaba uliwaka mwaka 1911, na kwa miaka mingi upepo wa kusini-mashariki ulipeleka moshi wake upande wa kaskazini-magharibi. Watafiti walipopima udongo wa upande huo, kama vile Penga Penga, walikuta shaba nyingi sana pamoja na risasi na kadmiumu. Kuosha mboga kunaondoa vumbi lililo juu, lakini kilichoingia kupitia mizizi hakitoki kwa kuosha wala kwa kupika. Majani kama lengalenga yanakusanya zaidi kuliko tunda la tomati. Na risasi inaharibu akili ya mtoto angali mdogo, bila homa wala dalili ambayo mama ataiona.

Kwa hiyo, wamama, msichote udongo kando ya mito inayopita karibu na viwanda, hata kama ni mweusi na unapendeza. Wanaokaa upande ule wa moshi wanyanyue kitanda kwa matofali na kukijaza santimetre 30 za udongo uliotoka mbali. Na sisi wengine wote tutie mbolea iliyooza vizuri na chokaa ya kilimo, kwa sababu udongo wetu una uchachu, na udongo wenye uchachu unaachilia metali hizo kirahisi. Majivu ya makala kutoka babula yanasaidia kidogo, kiganja kimoja kwa metre ya mraba.

Kuna ugonjwa mwingine ambao paa haliuzuii, nao ndio unaotufanya tuogope sere kubwa ya pamoja. Mche unanyauka ghafla saa sita ukiwa bado wa kijani, jioni unaamka kidogo, kisha unakufa. Kata shina, tumbukiza kipande chake katika glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka, ni bakteria iliyo ndani ya udongo, na dawa hakuna. Ng'oa, choma, na usirudishe hapo tomati, biringanya, pilipili wala viazi ulaya kwa miaka kadhaa. Panda mahindi au kitunguu. Paa la miti unalihamisha kwenye kitanda kingine kwa siku moja. Sere ya vyuma ya wamama wote utaihamishia wapi? Na hata bila ugonjwa, tunajuana: parseli ni ya nani, na bidoni za Jumapili anabeba nani?

Tunachoweza kununua pamoja ni rola moja ya plastiki nzuri, maana kwa rola bei ya metre inashuka, kisha tuikate na kila mmoja alipe kipande chake polepole katika likelemba. Hilo tutalileta Jumamosi mbele ya mama mwekahazina, na wenye sere wajibu.

Wanaotaka tomati za mwisho wa mwaka watie mbegu kitaluni juma la kwanza la Septemba, wahamishe miche baada ya juma nne au tano, na paa liwe limesimama kabla Oktoba haijaisha. Wenye mianzi ya ziada nyumbani watujulishe.